Mninga Ni wa Milango: Mbao ya Kuchonga Mapanga ya Upepo

Huku nyanda za juu, mtu akiamua kujitengenezea mtambo wa kuzalisha umeme kwa upepo, mbao ya kwanza anayoiulizia ni mninga au mkongo. Anajiambia kwamba kitu cha kuzunguka juu ya mnara usiku na mchana kinataka mti mgumu. Mimi mapanga, yaani yale mabawa yanayozungushwa na upepo, nachonga kwa paina, tena iliyo nyepesi kuliko zote nitakazozikuta kwenye rundo.

Chukua mtambo wa mapanga matatu wenye kipenyo cha mita 2.4. Upepo ukivuma mita 8 kwa sekunde, ncha ya panga lililochongwa vizuri hukimbia kama mara sita ya hapo, mita 48 kwa sekunde, yaani karibu mizunguko 380 kwa dakika. Panga la kilo moja na nusu, ambalo uzito wake mwingi uko upande wa shina (mwisho unaofungwa kwenye kitovu cha katikati), linavuta kitovu kwa nguvu ya mzigo wa kilo 110 hivi. Upepo ukifika mita 12 na mtambo ukaachiwa uufuate, mvuto huo unakaribia kilo 250. Sasa lichonge panga hilohilo kwa mninga. Mita ya ujazo ya mninga ina kilo kama 640, ya paina kavu kama 450, kwa hiyo mzigo unapanda kwa zaidi ya theluthi. Mninga wenyewe utahimili, mti ule una nguvu. Watakaoumia ni boliti na beringi, na shina la panga pale mtambo unapogeuka ghafla kufuata upepo, maana kitu kizito kinachozunguka hukataa kugeuzwa na ubishi wote unaishia shinani. Tena upepo ukiwa mdogo, panga zito linachelewa kuanza.

Si mawazo yangu peke yangu. Mitambo ya Jacobs, iliyowapa umeme wakulima wa Marekani kabla nguzo za gridi hazijawafikia, ilitumia mapanga ya spruce ya Sitka, mti mwepesi ulio ndugu wa paina. Na William Kamkwamba wa Malawi, mwaka 2002, milingoti, yaani mikaratusi, aliiweka kwenye mnara. Mapanga aliyakata kwenye bomba la plastiki. Mlingoti mnarani ndiko kwake. Kwenye panga ni mzito, na ukikauka hujipinda utakavyo wenyewe.

Lakini si kila paina inafaa. Miti ya kupandwa, kama ile ya Sao Hill kule Mufindi, hukua haraka, na sehemu inayozunguka kiini cha gogo huwa na pete pana za ukuaji, dhaifu, yenye kujikunja. Tazama kichwa cha ubao. Ukiona kiini, urudishe. Saipresi nayo ni nzuri, ila kupata ubao wake mrefu usio na vifundo ni kazi.

Kisha nyuzi. Hapa ndipo wauza mbao wanaponichoka. Nguvu ya mbao imelala kwa urefu wa nyuzi. Kwa upana, mti hupasuka kwa nguvu ndogo sana. Nyuzi zikichepuka inchi moja katika kila inchi kumi, uwezo wa kuhimili kupinda unapungua karibu moja ya tano. Zikichepuka inchi moja katika tano, karibu nusu imeondoka. Na jicho hudanganyika, kwa sababu mistari inayoonekana juu ya ubao ni ya pete, wakati nyuzi zinaweza kuwa zinaelekea kwingine. Tafuta ufa mdogo wa kukauka, maana ufa hufuata nyuzi. Kama haupo, omba kipande cha mwisho wa ubao huo, kipasue kwa shoka uone mpasuko umetokea wapi. Kifundo karibu na shina sikipokei hata kiwe kidogo.

Mbao za dawa, zile za kijani, ziache kwa wapaua. Dawa hiyo mara nyingi ina shaba, kromiamu na aseniki, na panga ni kazi ya randa na msasa. Vumbi lote unalivuta wewe.

Mapanga yote matatu yatoke kwenye ubao mmoja, au angalau gogo moja, la sivyo utahangaika kuyasawazisha uzito. Zipange mbao kivulini, weka vijiti katikati hewa ipite, pima uzito kila wiki kwa mizani ya dukani. Usiguse randa mpaka uzito ukome kushuka. Ukishachonga, paka mafuta ya kitani yaliyochemshwa makoti kadhaa, na ukingo wa mbele uongezee epoksi, kwa sababu mchanga na matone ya mvua huula kwanza huo. Kila mwaka shusha mapanga, kagua shina na ukingo, upake tena.