F ya Hisabati na shahada ya uuguzi: tunayoambiana na yaliyo kweli

Kila Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, ushauri humwagika bure. Mjomba aliyewahi kulazwa mara moja anajua nesi mzuri anakuwaje. Jirani anajua kozi ipi "ina ajira". Kijana wa stesheneri anayekujazia fomu anajua chuo kipi "hakijai". Ushauri unaopoteza vijana wengi si ule wa kejeli, kwamba wauguzi ni watu wa kumwaga mikojo. Kejeli mtu huijibu. Unaopoteza ni ule unaotolewa kwa upole, na mtu mwenye nia njema, kuhusu jambo ambalo hakulifuatilia. Nazungumzia Tanzania, kwa anayetaka shahada ya kwanza ya uuguzi, ile ya miaka minne.

"Uuguzi ni wa waliokosa udaktari"

Chukua miongozo ya udahili ya TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ya miaka ya karibuni, uiweke mezani. Udaktari unataka ufaulu wa Fizikia, Kemia na Biolojia wenye jumla isiyopungua pointi 6, na kila somo lisishuke chini ya D. D ni pointi 2, kwa hiyo D tatu zinatimiza sharti. Sasa fungua ukurasa wa uuguzi wa chuo kama Muhimbili. Pointi ni 6 zilezile, ila Kemia inatakiwa iwe C, Biolojia D, na somo la tatu angalau E. Maana yake mwenye D tatu kavu anaruhusiwa kuomba udaktari, lakini kwa masharti hayo ya uuguzi hapiti.

Kuwa na sifa ya chini si kupata kiti, hilo lieleweke. Udaktari unagombewa sana, na wanaochukuliwa kwa kawaida wana alama za juu kuliko hizo. Lakini ona yanayompata kijana aliyeambiwa uuguzi ni chaguo la akiba. Anajaza udaktari kwanza, anaweka uuguzi mwishoni bila kusoma sharti lake, na Kemia yake ni D. Anakosa vyote viwili katika awamu moja, kisha anasema mfumo una mizengwe.

Kemia haikuwekwa pale kwa kukomoa watu. Mwaka wa kwanza na wa pili una biokemia, fiziolojia, mikrobiolojia na famakolojia, na aliyeingia na Kemia ya kubahatisha huonekana mapema.

"Anza na stashahada, shahada itafuata yenyewe"

Huu ndio ushauri ninaouogopa kuliko yote, kwa sababu nusu yake ni kweli. Njia ipo, ni halali, na imetoa wauguzi hodari kabisa. Aliyepita huko anafika chuo kikuu akiwa ameshika sindano, amezalisha, ameandika ripoti za zamu usiku wa manane. Tatizo limejificha kwenye cheti cha kidato cha nne.

Kuingia stashahada ya uuguzi na ukunga unahitaji ufaulu wa angalau D katika masomo manne yasiyo ya dini, Kemia, Biolojia na Fizikia zikiwemo. Hisabati na Kiingereza hutajwa kama nyongeza inayomweka mwombaji mahali pazuri zaidi. Mwenye F ya Hisabati akisikia "nyongeza" anapumua. Anasoma miaka mitatu, anafaulu, anapata leseni, anapelekwa kituo cha afya ambako usiku mwingi yeye ndiye mkubwa wa wodi ya wazazi. Miaka inapita. Siku anapotaka kujiendeleza anafungua mwongozo wa TCU wa wenye stashahada na kukuta masharti mawili. La kwanza ni wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0, na hilo analo. La pili ni D za kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. Ile F aliyoizika shuleni imefufuka.

Kwangu mimi sharti hili ni kali kwa mtu aliyekwisha kuthibitisha wodini kwamba anaweza. Lakini ndilo lililopo, na kulilalamikia hakubadilishi mfumo wa maombi, ambao hukataa bila hata kukuuliza. Anayeweza kusaidiwa ni yule ambaye hajafika huko. Kama una F ya Hisabati au Kiingereza na unaanza stashahada mwaka huu, jiandikishe kama mtahiniwa wa kujitegemea urudie somo hilo mtihani wa Novemba, sasa, wakati bado una daftari mkononi. Ukisubiri uajiriwe kwanza utakuwa unajifunza logarithimu katikati ya zamu tatu za usiku, na pengine na mtoto mgongoni.

Na kama una mdogo wako aliye kidato cha pili, kaa naye kabla hajaingia cha tatu. Hapo ndipo wanafunzi wengi huiacha Fizikia kwa sababu mwalimu ni mkali au rafiki zao wameiacha. Mtoto wa miaka 15 anaamua jambo litakalomgharimu akiwa na 25, na mara nyingi nyumbani hakuna hata mmoja anayejua kwamba uamuzi umefanyika.

Kitu kingine cha watu wa stashahada ni AVN, namba ya uhakiki wa tuzo inayotolewa na NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi. Bila namba hiyo chuo kikuu hakiioni stashahada yako, hata ukienda nayo imefungwa kwenye fremu. Iombe mapema, maana ikiwa chuo chako cha zamani kilichelewa kupeleka matokeo, hilo huligundua siku unapoihitaji.

"Bila PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) huwezi"

Unaweza. Vyuo vinavyokubali Hisabati ya juu au Lishe mahali pa Fizikia vipo, kwa hiyo aliyesoma Kemia, Biolojia na Lishe asikate tamaa. Mwenye Jiografia asome mstari kwa mstari, chuo kwa chuo, asidhani kwamba kilichokubaliwa kimoja kinakubaliwa vyote.

"Kuna mtu pale TCU anaweza kuniingiza"

Tangu mwaka wa masomo 2017/2018 maombi ya shahada hupelekwa moja kwa moja chuoni, kupitia mfumo wa chuo chenyewe. TCU husimamia na kuhakiki. Haikai ikimpangia mtu mmoja mmoja chuo. Kwa hiyo yule "mtu" anayetaka hela ya soda ili akusukumie jina, anakuuzia kitu asichokuwa nacho. Mara nyingi ameomba kwa niaba yako kwa namba yake ya simu, na hapo ndipo balaa linapoingia. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja unatakiwa kuthibitisha chuo kimoja ndani ya siku zilizotangazwa, kwa msimbo unaotumwa kwenye simu. Msimbo ukienda kwenye simu ya wakala, nafasi yako iko mfukoni mwake. Tumia namba yako na barua pepe yako, hata kama stesheneri ndiyo inayochapa. Nenosiri liandike kwenye daftari, si kwenye kipande cha karatasi cha kaunta.

Mkopo nao una mlango wake. Kuchaguliwa chuo hakukupi mkopo. Maombi ya HESLB, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, hufanywa kwenye mfumo tofauti, na cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe, RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kwa waliozaliwa Bara, wakala wa usajili wa Zanzibar kwa waliozaliwa Visiwani. Uhakiki huo ufanye kabla ya msongamano. Halafu ukumbuke ni deni: ukiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka liishe.

"Nesi anafuata tu alichoandika daktari"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu dhana hii ndiyo inayowafanya watu waje chuoni bila kujiandaa.

Mtoto wa kilo 12 ana homa. Ameandikiwa parasetamo miligramu 15 kwa kila kilo. Dawa ya maji iliyopo ina miligramu 120 katika mililita 5. Unampa kiasi gani? 12 mara 15 ni miligramu 180, ambayo ni mililita 7.5. Atakayesoma vibaya nukta hiyo atampa 75. Mfano mwingine: mililita 1,000 za dripu ziishe kwa saa 8, na mpira wake hutoa matone 20 kwa mililita moja. Matone mangapi kwa dakika? Elfu moja mara 20, gawa kwa dakika 480, ni kama 42. Hesabu hizi ni za darasani tu, lakini utazifanya umesimama, saa tisa usiku, mama wa mtoto akikutazama usoni.

Na daktari akiandika dozi isiyo sahihi, nawe ukaitoa, huwezi kujificha nyuma ya kalamu yake. Muuguzi husajiliwa na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, kwa sheria yake mwenyewe ya mwaka 2010, na huwajibika kwa jina lake. Kusema "daktari, naomba uiangalie tena dozi hii" ni sehemu ya kazi, tena ni ile inayohitaji kifua. Daktari hupita raundi akaondoka. Anayeona pumzi ya mgonjwa imebadilika saa nane za usiku ni muuguzi.

Ukitaka kuutumia muda kati ya JKT na kufunguliwa kwa vyuo, rudia uwiano, asilimia na ubadilishaji wa vipimo mpaka uvifanye bila kikokotoo. Halafu soma Kiingereza cha kuandika. Masomo na mitihani ni kwa Kiingereza, na wengi wanaofeli mwaka wa kwanza wanajua jibu ila hawawezi kulieleza. Wodini mambo yanageuka: mgonjwa ni wa Kiswahili, na hospitali ya Bugando, Mwanza, utampata bibi anayejieleza kwa Kisukuma peke yake. Kazi yako ni kumwelewa, kisha uandike kwenye faili kitu ambacho zamu inayofuata itakielewa.

"Nikiona damu nazimia, basi sifai"

Kuzimia kwa kuona damu kuna maelezo yake: mapigo ya moyo na shinikizo la damu hushuka ghafla, ubongo ukapungukiwa. Si woga wala udhaifu wa tabia. Kwa wengi hupungua kadiri wanavyozoea. Usiende wodini na njaa. Ukihisi jasho la baridi, kaza misuli ya mapaja na tumbo kwa sekunde kadhaa ili shinikizo lipande, au kaa chini kabla hujaangushwa. Wakufunzi wamewaona wengi, hawatakucheka. Wenzako watakucheka, lakini kwa wiki moja tu.

Kinachostahili hofu kuhusu damu ni kingine. Chanjo ya homa ya ini B hutolewa mara tatu: leo, baada ya mwezi, na mwezi wa sita. Anayeianza siku ya kwanza ya mazoezi wodini hufanya kazi miezi kadhaa akiwa na kinga nusu. Ianze sasa. Na ujue mapema kwamba ukijichoma na sindano iliyotumika unatakiwa kuripoti saa hiyohiyo, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Wanafunzi huficha kwa aibu. Usifiche.

"Ni kazi ya wanawake"

Ingia wodi yoyote ya hospitali ya rufaa uhesabu. Wanaume wapo, kuanzia wodi ya akili mpaka chumba cha upasuaji, na masharti ya kuingia kozi hayaulizi jinsia. Dhana hii haistahili aya ya pili.

"Ukivua joho, ajira inakusubiri"

Ukivua joho kinachokusubiri ni mwaka mmoja wa utarajali hospitalini, yaani mazoezi ya kazi chini ya usimamizi, na mtihani wa Baraza kabla ya usajili kamili. Baada ya hapo ndipo Ajira Portal (mfumo wa maombi ya kazi serikalini), usaili na kungoja. Nchi ina upungufu wa wauguzi, hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba wauguzi wenye leseni wako mtaani. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja kwa sababu mgonjwa haajiri. Anayeajiri ni bajeti. Kibali cha kuajiri kikitoka nafasi hujaa, kisipotoka watu hujitolea vituoni au huenda hospitali binafsi na za madhehebu kwa mshahara wa kujadiliana. Panga maisha yako ukijua kuna kipindi hicho, si ukidhani ni bahati mbaya ya wengine.

"Sina shida, nitaenda Oman au Uingereza"

Wanaenda, na wanafanikiwa. Ila cheti cha Tanzania peke yake hakikuvushi. Marekani wanataka mtihani wa NCLEX-RN, Uingereza wana mtihani wa kompyuta na wa vitendo, na Ghuba mara nyingi kuna uhakiki wa vyeti pamoja na mtihani wa leseni. Uzoefu wa kazi nao huulizwa. Tena Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2023 ya nchi 55 zenye uhaba mkubwa wa watumishi wa afya, na Uingereza huitumia orodha hiyo kuwazuia mawakala wake wasije kuchota watu. Mtu binafsi anaruhusiwa kuomba mwenyewe. Kwa hiyo "wakala wa Uingereza" anayekutaka utangulize pesa Kariakoo, muulize vizuri.

Uhakiki wa vyeti huwauliza walioutoa moja kwa moja: chuo, Baraza, hospitali uliyofanyia kazi. Jina la cheti cha kidato cha nne likipishana herufi moja na la pasipoti, au ukiwa "Mohamed" huku na "Mohammed" kule, faili linasimama. Kama majina yako hayalingani, fuata kiapo na marekebisho ukiwa mwaka wa kwanza, kabla chuo hakijachapa cheti cha shahada chenye kosa lilelile.