Maana ya bakora, na ilivyobadilika mikononi mwa watu wa Tanga

Bakora ni fimbo ya kutembelea yenye kichwa kilichopinda. Ukiisimamisha chini, kichwa chake hufika karibu na nyonga ya mwenyewe. Mkongojo ni wa kuegemea: aliyeushika akinyang'anywa, hana budi akae chini. Mwenye bakora aliweza kuitundika mkononi, akaiegesha ukutani, hata akaisahau barazani na kuifuata kesho yake, na miguu yake isimdai kitu. Magongo ni mengine kabisa, hayo hukaa kwapani na aghalabu huwa mawili.

Hapa Tanga, kama ilivyo pwani yote ya Mrima, bakora ilihesabiwa pamoja na nguo. Kanzu, koti, baraghashia, makubadhi, halafu bakora. Iliyosifiwa zaidi ilikuwa bakora ya mtobwe, mti wenye ubao mweupe ulionyooka. Ya mpingo ilikuwa nyeusi na nzito, maana mpingo ni mti mzito hata majini unazama. Ya henzirani, ufito unaofanana na mwanzi, ilikuwa nyepesi, kichwa chake kikipindwa kwa joto. Mtu aliyetoka nyumbani Ngamiani kwenda kutoa mkono wa pole, kuposa au kusuluhisha ndugu waliogombana, alitoka nayo. Ilikuwa na adabu zake pia. Ukikutana na mtu unaitundika kwenye mkono wa kushoto ili wa kulia ubaki mtupu kwa salamu, na humwelekezei mwenzio ncha ya bakora unapozungumza naye.

Kazi nazo hazikukosekana. Msomaji wa Qur'ani anakumbuka kwamba Nabii Musa alipoulizwa kuhusu kilichomo mkononi mwake, alijibu kuwa ni fimbo yake, huiegemea, huwaangushia majani wanyama wake, na ina matumizi mengine. Hayo matumizi mengine kila mzee wa hapa aliyajua: kufukuza mbwa wakati wa kwenda sala ya alfajiri, kupima kina cha dimbwi baada ya mvua za masika, kuvuta tawi la mwembe kwa kile kichwa kilichopinda, kutanguliza njiani penye majani marefu nyoka asikuwahi. Fimbo ya mbali haiui nyoka, wasema wahenga.

Sasa lipo jambo moja ambalo naona halisemwi, nalo ndilo kiini cha habari hii. Mwanamume wa zamani alianza kubeba bakora kabla hajaihitaji. Aliishika akiwa mtu mzima wa miaka 40 hivi, magoti yakiwa imara. Miaka ikapita, goti likaanza kulalamika, nyonga ikakaza, na bakora ile ile ikaanza kubeba uzito kidogo kidogo. Hakuna aliyejua ni siku gani bakora iligeuka mkongojo. Jirani hakuuliza, watoto hawakushtuka, na mwenyewe hakulazimika kumweleza mtu kwamba miguu imechoka. Uzee ulimkuta amekwisha jiandaa, na heshima yake haikuguswa.

Kwa wanawake haikuwa hivyo. Bibi hakuvaa bakora. Yeye alishika mkongojo alipozidiwa, mara nyingi mti wowote uliokuwa karibu, na hilo lilionekana mara moja. Tunaposifu desturi ya zamani tukumbuke kwamba sitara yake iliwafikia wanaume tu.

Kupungua kwa bakora hakukuletwa na jambo moja. Suruali na shati zimechukua nafasi ya kanzu katika siku za kazi, na bakora imeondoka na vazi lake. Tanga ni mji wa baiskeli, na anayeshika usukani kwa mikono miwili hana mkono wa kushikia bakora. Baadaye zikaja daladala, kisha bodaboda, na abiria wa bodaboda akiwa na bakora hujiuliza ailaze wapi. Mkono uliobaki umechukuliwa na simu.

Shule nayo imechangia, na hili linaniuma. Mtoto wetu wa leo anaijua bakora kwa mara ya kwanza kama kitu cha kuchapwa. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zimeweka kikomo cha viboko 4, lakini hata vikipungua, tayari mtoto amefundishwa kuichukia fimbo kabla ya kumwona babu yake akitembea nayo kwa madaha.

Zipo sehemu ambako fimbo haijatetereka. Katika misikiti mingi ya pwani, khatibu hushika fimbo anapopanda mimbari siku ya Ijumaa. Bwana harusi aliyevaa joho hushikishwa upanga au bakora. Wafugaji wa Kimasai na Wakwavi, unaowaona Handeni na hata mitaani mjini Tanga, hawatoki bila fimbo, vijana kwa wazee. Mwalimu Nyerere naye alijulikana kwa kifimbo chake, ingawa kile kilikuwa kifupi, hakikugusa ardhi.

Nje ya hapo, fimbo ya kutembelea siku hizi huingia nyumbani kupitia hospitali. Mzee amepata kiharusi au amevunjika nyonga, anatoka wodini na fimbo ya aluminiamu yenye matundu ya kurekebisha urefu, pengine yenye miguu minne chini. Ni kifaa kizuri, kimetengenezwa kwa akili. Lakini kimekuja siku moja na maradhi, na kila anayekiona anauliza, "Mzee, umepatwa na nini?" Ndiyo maana wengi hukificha nyuma ya mlango na kutembea kwa kushika kuta. Kisha wanaanguka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na waliopita miaka 60 ndio wanaoathirika zaidi. Aibu ya fimbo si jambo dogo.

Fimbo nyeupe ya wasioona ina mwelekeo wa kinyume, yenyewe ilikusudiwa ionekane. Mwaka 1921 James Biggs wa Bristol, Uingereza, aliyepoteza uwezo wa kuona, aliipaka fimbo yake rangi nyeupe ili madereva wamtambue. Ile ndefu ya kupapasia njia ilikuja miaka ya 1940 kwa kazi ya Richard Hoover, aliyefundisha wanajeshi wa Marekani waliopofuka vitani. Siku yake duniani ni tarehe 15 Oktoba. Hiyo haiegemewi. Ni kidole kirefu kinachoigusa ardhi kabla ya mguu. Kwa hiyo ukitaka kumsaidia mwenye fimbo nyeupe avuke barabara, usiishike fimbo yake wala usimvute nayo. Msalimu, muulize, na akikubali mpe mkono wako aushike.

Turudi kwa mzee wetu. Kipimo cha fimbo ya kutembelea ni rahisi: asimame wima amevaa viatu vyake vya kila siku, mikono ining'inie, na kichwa cha fimbo kiwe sawa na kifundo cha mkono, pale inapofungwa saa. Akiishika, kiwiko kipinde kidogo tu. Ikiwa ndefu mno bega linapanda. Ikiwa fupi anainama na mgongo unauma. Wengi hukosea mkono. Fimbo hushikwa upande wa mguu mzima, isongezwe mbele pamoja na mguu mbovu, hapo ndipo nyonga inayouma inapopunguziwa mzigo. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda. Wakati wa kushuka hutangulia fimbo na mguu mbovu.

Na kama anaikataa ile ya hospitali, usigombane naye. Muulize daktari kama bakora ya kawaida itamtosha, maana aliyepooza upande mmoja huenda akahitaji ile ya miguu minne. Ikitosha, nenda kwa seremala akuchongee ya mti mgumu, yenye kichwa kipana kinachojaa kiganja, ikatwe kwa kipimo chake. Mpe bibi vilevile, na yake iwe nzuri. Chini itiwe kofia ya raba, maana mti mtupu huteleza kwenye sakafu ya vigae yenye maji, na raba hiyo ikaguliwe mara kwa mara. Ikilika upande mmoja au ikiwa laini bila michirizi, badilisha.