Zege Halifuti Dizeli

Nimeitwa tena kuangalia nyumba ya majenereta ya zamani, hapa hapa Unguja, ambayo mwenyewe anataka kuigeuza skuli ya maandalizi na mgahawa kando yake. Sijavua hata kofia nikaambiwa yale yale: "Mashine zimeondoka zamani, masika mangapi yamepita, sumu gani itakuwa imebaki? Tunamwaga zege jipya, tunapaka rangi, basi." Kulijibu hili kwenye simu nimechoka. Naliandika.

Majengo ya namna hii hayakosekani kwetu. Unguja ilianza kuletewa umeme kwa waya wa chini ya bahari mwaka 1980, Pemba mwaka 2010, na dizeli ikapungua kazi. Kuta nene, dari liko juu, upepo unapita. Simlaumu mtu kuyatamani.

Masika yanasaidia, sikatai, ila kwa kiasi. Sehemu nyepesi ya dizeli huruka na hewa, na vijidudu vya udongoni hula nyingine vikipata hewa na unyevu. Lakini risasi iliyomo kwenye rangi ya zamani na kwenye betri ni madini, haiozi. Na PCB, kemikali ya sumu iliyotiwa kwenye mafuta ya transfoma za zamani, ilipendwa viwandani kwa sababu haiharibiki kwa joto wala kwa miaka. Ndiyo maana Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kudhibiti sumu zisizooza, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2004, uliweka 2025 kuwa mwisho wa kutumia vifaa vyenye PCB. Kitu cha kuoshwa na mvua kisingewekewa mkataba.

Sasa hilo zege. Vijidudu vinataka hewa. Ukimwaga zege juu ya udongo wenye dizeli umefunika sufuria, kilichomo kinabaki kibichi. Sakafu ya zamani nayo imeshakunywa mafuta. Kama yana PCB, hupanda taratibu kutoka zege la chini hadi la juu, na kutoka hapo hadi hewa ya chumbani, ambamo ndimo watoto wanalazwa mchana. Kuta zetu za mawe ya matumbawe ni vitundu vitupu. Nimeona ukuta uliopigwa plasta ya saruji na kupakwa rangi nyeupe, kisha doa la kahawia likajitokeza kimo cha goti, pale pale yalipokuwa yakiegemezwa mapipa. Fundi akapaka tena. Likatoka tena, safari hii na rangi ikawa inabanduka ukiigusa kwa ukucha.

Chini ya sakafu ndiko kubaya zaidi. Udongo wetu ni mwembamba, na jiwe lina nyufa, kwa hiyo mafuta hayachujwi njiani. Dizeli inateremka mpaka kwenye maji matamu inaelea juu yake, na karibu na pwani maji hayo hupanda na kushuka na bamvua, yakiipaka miambani kila mara. Halafu mtu ananionesha kisima cha uwani na kuniambia kitaokoa bili ya maji!

Asbestosi, ile ya vigae vya paa ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, kwa ufupi: kigae kizima kisichoguswa hakina haraka. Kisitobolewe, kisivunjwe, kisisuguliwe. Kikiondolewa, kiloweshwe na kishushwe kizima.

Swali la "pamesafishika?" silijibu tena. Safi kwa kazi gani? Sakafu inayofaa kuwekea mifuko ya saruji haifai kwa mtoto anayetambaa na kutia vidole mdomoni. Udongo ule ule, majibu mawili. Kwa hiyo tunaanza na wazee waliofanya kazi pale: transfoma zilisimama wapi, mafuta machafu yalimwagwa wapi? Halafu tunapima. Halafu ndiyo msanifu achore. Mimi naletewa michoro ya rangi yenye bembea juu ya uwanja wa transfoma, na tarehe ya ufunguzi imeshatangazwa.

Mashaka ninayo pia. Mashimo ya kupimia yanaweza kupita pembeni ya ufa wenye mafuta yasiuguse. Na vipimo vya mwisho wa kuvumilika tunaviazima, mara nyingi kwa Waholanzi, ambao udongo wao wa kulinganishia una asilimia 25 ya mfinyanzi na asilimia 10 ya mboji. Nani ana udongo huo juu ya jiwe la matumbawe? Navitumia kwa kukosa vingine, na pa watoto naviteremsha kwa makadirio yangu. Mwenzangu anasema nazidisha. Huenda.

Kwa nyumba hii, upande wa ofisi za zamani unaweza kufaa skuli vipimo vikiridhisha. Mgahawa ukae kwenye ukumbi wa mashine baada ya kung'oa sakafu yote, si kuifunika. Uwanja wa transfoma uchunguzwe peke yake, na hata ukisafishwa ubaki wa kuegesha magari. Kisima kifungwe sasa, kabla ya kikao kingine. Na yule kijana niliyemkuta anasugua rangi ya zamani kwa msasa mkavu, kitambaa puani, asimame leo.