Maziwa hayaui sumu ya ziwani

"Daktari, nimeshampa maziwa nusu lita." Ndivyo alivyoniambia mzee mmoja akishuka kwenye boda boda mlangoni kwangu, Entebbe, mbwa wake kamfunga kwenye leso. Pua ya mbwa ilikuwa imeganda maziwa. Miguu ya mbele ilikuwa na utando wa kijani uliokauka hadi kwenye viwiko. Walikuwa wametoka kutembea ufukweni mwa Ziwa Viktoria, mbwa akanywa maji kando ya mawe, akatapika, akalegea. Nyumbani akanyweshwa maziwa, kisha wakakaa saa tatu kuona kama yatafanya kazi.

Nimechoka kusikia habari ya maziwa. Naisikia kwa wasomi na kwa wasiosoma, kwa walinzi wa geti na kwa wenye nyumba. Maziwa hayavunji sumu hii, hayaipunguzi, hayaizuii kwenda popote.

Ule uchafu wa kijani unaofanana na rangi ya ukuta iliyomwagika majini si majani. Ni sianobakteria, yaani bakteria wa majini, na upepo huusukuma hadi ukajazana kwenye ghuba zilizotulia. Ghuba ya Murchison, upande wa Ggaba, huupata sana kwa sababu mfereji wa Nakivubo unamwaga huko maji machafu ya Kampala, na fosforasi iliyomo ni mbolea tosha. Jamii inayoitwa Microcystis hutengeneza mikrosistini. Sumu hiyo haikai tumboni ikingoja kufunikwa na maziwa. Inapita kwenye utumbo, inaingia katika damu inayokwenda kwenye ini, na seli za ini zenyewe zinaivuta ndani. Ikishaingia inazima vimeng'enya vinavyolinda umbo la seli. Seli zinasinyaa, zinaachana, damu inavujia ndani ya ini lenyewe. Mbwa anaweza kufa siku hiyohiyo au baada ya siku chache. Sumu nyingine, anatoksini, hushika mishipa ya fahamu: misuli hutetemeka, kisha pumzi inakata, pengine hata saa moja haijaisha. Sasa niambie, maziwa yanafanya nini hapo?

Tena yana madhara yake. Mbwa aliyelegea au anayetetemeka hamezi vizuri, kwa hiyo unachommiminia mdomoni kinaishia mapafuni. Nimewahi kumtibu mbwa aliyeishinda sumu akabaki na nimonia ya maziwa wiki mbili nzima.

Najua imani hii imetoka wapi. Mbwa wa jirani alipewa maziwa akapona, na mtaa mzima ukashuhudia. Alipona kwa sababu alikuwa amelamba kidogo. Angepewa maji matupu angepona vilevile. Wale waliopewa maziwa wakafa hakuna anayewasimulia.

Mafuta ya kupikia na mayai mabichi ni hadithi hiyohiyo. Makaa ya jikoni yaliyosagwa si mkaa wa dawa, msifananishe. Chumvi ya kumtapisha ndiyo mbaya kuliko zote, kwani sodiamu ikipanda kwenye damu inaleta degedege yake yenyewe, na hapo nakuwa na sumu mbili za kutibu.

Kinachosaidia kinaanzia palepale ufukweni. Weka jerikeni ya lita kumi ya maji ya bomba kwenye gari, au uiache kwa mtu unayemwamini karibu na unapotembeza mbwa wako. Kila mteja wangu namwambia hivyo, na wengine wananiona msumbufu. Mbwa akichafuka, vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, umwoshe mara moja, uanzie miguu na tumbo. Manyoya yaliyolowa hubeba sumu nyingi, naye atayalamba njia nzima ya kurudi nyumbani. Mzuie asilambe, yapige picha yale maji, nipigie simu ukiwa njiani. Usingoje atapike kwanza.

Mbwa wa yule mzee nilimtundikia dripu usiku uleule. Ufizi wake ulikuwa mweupe wenye vidoa vyekundu. Alikufa siku ya pili alfajiri. Mzee aliniuliza kama maziwa yalikuwa machache.

Mengine nitayasema kwa kifupi.

Wapo wanaoniambia sumu ni mambo ya bahari, ziwa halina. Waliowahi kupeleka mbwa Mombasa huniuliza habari za konyeza na bunju, viumbe wa baharini wenye sumu, halafu wanamwacha mbwa aogelee kwenye maji ya kijani hapa nyumbani. Na wa Ziwa Albert wajue kwamba kule wanaye samaki wa ukoo uleule wa bunju, Tetraodon lineatus, anayejijaza akawa kama mpira. Nyavu zikimtupa ufukweni, mbwa asimguse.

Pua ya mbwa haimwambii kipi ni kibaya. Utando unaooza unamvutia, anaula kama mzoga. Kuchemsha maji ya ziwa kabla ya kumpa mbwa kunaua vijidudu lakini mikrosistini inabaki. Na rangi ya kijani ikiisha usikimbilie kumpeleka kuogelea: seli zikifa ndipo zinapoiachilia sumu majini. Subiri wiki mbili au tatu.

Halafu kuna samaki waliokufa, ambao watu huwaita chakula cha bure cha mbwa. Mwanzoni mwa 2021 sangara walielea kwa wingi wakiwa wamekufa, na maelezo ya serikali yalikuwa upungufu wa oksijeni majini. Watu wakapeleka mbwa wakale. Samaki aliyelala juani siku mbili anaweza kuwa na sumu ya botulini, inayompooza mbwa kuanzia miguu ya nyuma. Na si kila samaki mfu amekufa kwa kukosa hewa. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa ziwa letu kwa sababu ya wavuvi waliotumia dawa za kuulia wadudu. Mbwa akila samaki wa namna hiyo akaanza kutoka mate mengi na kutetemeka, nieleze hivyohivyo kwenye simu ili nikute atropini, dawa ya sumu hiyo, tayari mezani.

Ndani ya samaki hao huwa kuna ndoano za wavuvi wa sangara. Ukiona uzi unachungulia mdomoni mwa mbwa, usiuvute hata kidogo, maana ndoano itachana koo, na usiukate mfupi, maana ndio unaonionyesha njia. Ufunge kwenye kola, usimpe chakula wala maziwa, umlete.