Adhabu baada ya kusema nayo ni udhibiti

Mhariri mmoja wa hapa Unguja aliniletea makala ili niisome kwa jicho la sheria kabla haijaenda kuchapwa. Aya ya tatu ilikwisha kupigwa mstari kwa wino mwekundu, na pembeni yake ameandika: "Hii tuiache." Niliisoma mara mbili, sikuona kosa. Hakupigiwa simu na ofisa yeyote wala hakuandikiwa barua. Aliikata kwa sababu anamjua mtu aliyelazwa rumande kwa maneno ya namna hiyo hiyo.

Wapo wanasheria wenzangu wanaoshikilia kwamba huo si udhibiti. Kwao, udhibiti ni serikali kuyapitia maandishi na kuyazuia kabla hayajatoka. Ukishasema ukashitakiwa, unabeba mzigo wa neno lako tu. Hoja hiyo ni kongwe, kwani mwanasheria William Blackstone wa Uingereza aliiandika tangu mwaka 1769. Naiheshimu, lakini siikubali.

Adhabu ya jinai haimkusudii mkosaji peke yake, bali hukusudiwa pia kuwatia hofu wengine. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji: mwandishi anayeogopa kifungo huzuia kwa mkono wake mstari ule ule ambao mkaguzi angeuzuia, na serikali haikulazimika hata kumwajiri mkaguzi. Wakati mwingine adhabu na kizuizi huwa kitu kimoja kabisa. Mwezi wa Novemba 2003, Serikali ya Mapinduzi ilipolifungia gazeti la Dira, lililokuwa likitoka kila wiki, ililiadhibu kwa yaliyokwisha kuchapwa, na papo hapo ikayazuia yale ambayo hakuna aliyekwisha kuyasoma.

Sisemi kwamba kila adhabu ni udhibiti. Aliyemzulia jirani yake wizi, mahakama ikamwamuru amlipe fidia, hakuonewa. Ninachotazama mimi ni kama sheria imelieleza kosa waziwazi, hata mwandishi akajua mpaka ulipo, na kama adhabu inalingana na madhara. Kwa kipimo cha namna hiyo, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, iliamua tarehe 5 Disemba 2014 katika kesi ya Lohé Issa Konaté, mhariri wa Burkina Faso aliyehukumiwa kifungo cha miezi 12 kwa kumkashifu mwendesha mashitaka, kwamba kifungo hicho kilivunja haki yake ya kujieleza.

Konaté angalau alipata pa kulalamika. Na hapa kwetu, anayeshitakiwa anaweza kukishika kifungu cha 18 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984, kinacholinda uhuru wa maoni, akasimama nacho mbele ya jaji. Ile aya ya tatu haina jalada, haijapangiwa tarehe ya kusikilizwa, na hakuna wakili anayeweza kuikatia rufaa.