Draiva ya kutafsiri amri za diski: maana yake na jinsi inavyoundwa

Draiva ya kutafsiri amri za diski ni programu inayokaa kati ya mfumo endeshi na kifaa cha kuhifadhia data. Hupokea amri zilizoandikwa kwa itifaki moja, huzituma kwa itifaki nyingine, kisha hurudisha majibu kwa itifaki ile ya kwanza. Upande wa juu, mara nyingi, ni SCSI, itifaki ya zamani ya kuamuru diski na vifaa vingine. Upande wa chini ni ATA, itifaki ya diski za SATA, au NVMe, itifaki ya SSD (diski zisizo na sehemu zinazozunguka) zinazochomekwa kwenye PCI Express, njia ya ndani ya kompyuta ya kuunganisha vifaa. Tabaka la juu halijui kwamba diski haielewi SCSI, wala halina haja ya kujua.

Ukisikia hivyo ni rahisi kudhani kwamba kazi nzima ni jedwali: amri hii huku, ile kule. Jedwali lipo, na anayeanza hulimaliza upesi. Ugumu uko kwenye ahadi zinazobebwa na kila amri. Aliyetuma amri ya kuandika akijibiwa kwamba imefaulu, ataendelea na mambo yake akiamini data ipo. Draiva ikijibu hivyo kwa jambo ambalo diski haikulifanya, data hupotea, na hakuna anayegundua hadi siku faili linapohitajika.

Mpangilio huu una historia yake. SCSI ilifanywa kiwango rasmi nchini Marekani mwaka 1986, ATA mwaka 1994, na toleo la kwanza la NVMe likatoka mwaka 2011. Amri za SCSI hazikufungwa kwenye aina moja ya waya. Leo husafiri kupitia USB, Fibre Channel, hata mtandao wa kawaida kwa iSCSI. Mifumo endeshi iliyokuwa tayari na tabaka kamili la SCSI ikaona ni nafuu kumvika mgeni, yaani ATA au NVMe, vazi hilo kuliko kujenga tabaka jipya. Ndiyo maana diski ya SATA kwenye Linux huonekana kama /dev/sda, jina la diski za SCSI: chini yake ipo libata, sehemu ya Linux inayoshughulikia diski za ATA, iliyoanzishwa na Jeff Garzik, ikitafsiri kila kitu. Kwenye Windows, draiva ya StorNVMe nayo hupokea amri za SCSI na kuzigeuza kuwa za NVMe. Kanuni za kutoka SCSI kwenda ATA zimeandikwa katika kiwango kiitwacho SAT, kinachotunzwa na T10, kamati ya viwango vya SCSI, na anayeandika draiva ya namna hii anapaswa kuwa nacho mezani.

Tuchukue amri moja tuitazame kwa karibu. READ(10), amri ya SCSI ya kusoma, ni baiti kumi. Ya kwanza ni 28 kwa heksadesimali (namba za msingi wa 16, kama misimbo yote hapa), ndiyo msimbo wa amri. Baiti nne baadaye zinabeba anwani ya bloku (kipande kidogo cha diski, kiitwacho pia sekta) ya kuanzia, na mbili zinabeba idadi ya bloku, zote zikianza na baiti yenye thamani kubwa zaidi. ATA na NVMe huanza na yenye thamani ndogo zaidi, kwa hiyo namba lazima zigeuzwe. Kwa ATA draiva itachagua msimbo wa 60 ikiwa diski inakubali foleni ya amri, au 25 ikiwa haikubali. Kwa NVMe itajaza amri ya baiti 64 yenye msimbo wa 02.

Sasa itazame idadi. Mfumo ukitaka bloku 8, SCSI huandika 8 na ATA huandika 8, lakini NVMe huandika 7, kwa sababu hesabu yake huanzia sifuri: sifuri maana yake bloku moja. Je, SCSI ikiandika sifuri? Katika READ(10), sifuri ni halali kabisa na maana yake usisome chochote. Kwa amri za ATA zenye anwani za biti 48, sifuri kwenye sehemu hiyo maana yake ni sekta 65,536. Draiva inayonakili namba bila kufikiri itaiamuru diski isome megabaiti 32 na kuzimwaga kwenye kumbukumbu ambayo hakuna aliyeitenga. Dawa yake ni mstari mmoja: idadi ikiwa sifuri, jibu kwamba imefaulu bila kuigusa diski. Lakini usilibebe jibu hilo bila kuangalia, maana katika READ(6), amri ya zamani zaidi, sifuri maana yake ni bloku 256.

Utambulisho wa diski hauna makuu. Mfumo ukiuliza kwa amri ya SCSI iitwayo INQUIRY, draiva husoma maelezo ya diski ya ATA, huandika "ATA" mahali pa jina la mtengenezaji, kisha hukata jina la modeli, lenye nafasi ya herufi 40, libaki 16 za mwanzo. Ukiona jina la diski limekatika katikati kwenye orodha, sababu huwa ndiyo hiyo.

Suala zito ni kache. Diski huweza kukubali data, kuishika kwenye kumbukumbu yake ya ndani, na kujibu kwamba imeandika wakati bado haijafika mahali pa kudumu. Umeme ukikatika hapo, data imekwenda. SCSI ina biti iitwayo FUA inayosema: usijibu mpaka data hii imekaa mahali pa kudumu. Si kila diski ya ATA ina amri inayolingana na hiyo. Ikikosekana, draiva ina njia mbili za haki: kuandika kisha kutuma amri ya kumwaga kache kabla ya kujibu, au kutangaza tangu mwanzo kwamba FUA haipo ili tabaka la juu lijipange lenyewe. Kuipuuza biti hiyo kimyakimya kunaifanya draiva ionekane ya kasi katika vipimo, na hakuna kosa baya kuliko hilo katika kazi hii yote.

Kuna amri ambazo moja huzaa nyingi. UNMAP ya SCSI huiambia SSD kwamba bloku fulani hazitumiki tena, na kila kipengele chake, kinachotaja eneo moja la bloku, kina biti 32 za idadi. Kipengele cha TRIM, amri inayolingana nayo katika ATA, kina biti 16 tu, kwa hiyo hakivuki sekta 65,535. Kuachia gibibaiti moja, yaani sekta 2,097,152 za baiti 512, kunahitaji vipengele 33, na cha mwisho hubeba sekta 32. Kwa NVMe kimoja kinatosha. Na hapa NVMe inaweza kukuchanganya: urefu wa eneo huandikwa kama ulivyo bila kupunguza moja, ila idadi ya maeneo ndiyo inayoanzia sifuri.

Vipengele hivyo 33 vinahitaji mahali pa kuandikwa, na mahali hapo patengwe mapema. Draiva ya diski haipaswi kuomba kumbukumbu na kukaa kuisubiri katikati ya amri, kwa kuwa huenda mfumo unaandika kwenye diski hiyohiyo ili upate kumbukumbu. Kila upande utamsubiri mwenzake na mashine itaganda.

Makosa ndiyo yanayopambanua draiva iliyokomaa. SCSI hueleza kosa kwa data ya hisia yenye aina ya kosa, maelezo ya ziada na, inapowezekana, anwani ya bloku iliyoshindikana. ATA hutoa biti chache kwenye rejista, yaani nafasi ndogo ya hali ndani ya diski. Biti ya UNC, inayomaanisha data haisomeki, ikiwaka, draiva inapaswa kusema kwamba ni kosa la eneo la kuhifadhia, kwa msimbo wa 3 wenye maelezo ya 11, na itaje anwani. Usahihi huo una faida. RAID ya programu kwenye Linux, inayounganisha diski kadhaa zilindane, ikishindwa kusoma sekta moja, huijenga data kutoka diski nyingine na kuiandika upya palepale. Ikipewa jibu la jumla kwamba kifaa kimeharibika, itaitoa diski nzima kwa sababu ya sekta moja.

Foleni huongeza ugumu. Diski ya SATA yenye NCQ, ile foleni ya amri, hushika amri hadi 32 kwa pamoja, na moja ikishindwa zote husitishwa. Draiva lazima isome rekodi ya makosa ya diski namba 10 kwa heksadesimali ijue ni ipi iliyoshindwa, iiripoti hiyo peke yake, na izirudie zilizobaki. Hizo hazina kosa lolote, na kuziripoti kuwa zimeshindwa ni uongo.

Amri isiyo na mwenzake upande wa pili hujibiwa kwamba ni ombi lisilo halali, msimbo wa 5 wenye maelezo ya 20. Jibu hilo ni taarifa yenye manufaa: tabaka la SCSI la Linux likilipata kwa UNMAP huacha kuituma tena kwa diski hiyo. Na kwa mahitaji yasiyotafsirika kabisa, SAT imeweka ATA PASS-THROUGH, bahasha ya SCSI yenye amri ya ATA ndani yake bila kuguswa. Ndiyo njia ambayo programu ya smartctl hutumia kusoma afya ya diski ya SATA iliyo ndani ya kasha la USB, pale unapoiandikia -d sat. Kasha likikataa, mtafsiri aliyekwama ni chipu ya kasha lenyewe, na hakuna draiva ya kompyuta itakayomsaidia.