Nani Amepepeta Gemu Unayoilipia?

Ukinunua mfuko wa saruji wenye alama ya TBS au KEBS, unajua kuwa kuna mtu aliyeupima kabla yako. Watu wengi huingia kwenye duka la gemu la mtandaoni na imani hiyohiyo. Wanaona jina la kampuni kubwa, picha za kuvutia na kitufe cha kulipia, wanaamini kwamba aliyeiweka gemu pale ameicheza akaridhika nayo. Katika mafunzo tunayotoa kwa wazazi na vijana, hili ndilo tunalolazimika kulirudia kuliko lolote lingine: maduka mengi makubwa ya gemu hayafanyi kazi hivyo. Hukagua kama gemu inafunguka, kama inalingana na maelezo yake, na kama haivunji masharti ya duka. Kupepeta pumba na mchele kumeachwa mikononi mwa mnunuzi.

Tuanze Marekani, kabla intaneti haijaingia majumbani. Mwaka 1979 watengenezaji kadhaa wa gemu waliacha kazi Atari, kampuni iliyouza mashine za kuchezea gemu nyumbani, na kuanzisha kampuni yao, Activision. Wakawa wa kwanza kutengeneza katriji, yaani vikasha vya gemu vinavyochomekwa kwenye mashine, za mashine ya Atari bila kuwa Atari. Kesi ambayo Atari iliwafungulia iliisha kwa maelewano mwaka 1982, na kuanzia hapo mlango ulikuwa wazi kwa kila mwenye mtaji. Rafu zikajaa katriji zilizotengenezwa harakaharaka. Mnunuzi hakuwa na njia ya kujua ipi nzuri ipi mbovu mpaka afike nyumbani, na baada ya kuumia mara mbili tatu akaacha kununua zote. Mauzo ya gemu za nyumbani nchini humo yaliporomoka kutoka takribani dola bilioni 3.2 mwaka 1983 hadi takribani dola milioni 100 mwaka 1985. Baadhi ya katriji za Atari ambazo hazikuuzika zilifukiwa kwenye jalala la mji wa Alamogordo, New Mexico. Sehemu yake ilifukuliwa Aprili 2014.

Kampuni ya Kijapani ya Nintendo ilipoingia soko hilo na mashine yake mwaka 1985 ilikuja na kufuli. Ndani ya mashine yake kulikuwa na kidude kilichokataa katriji yoyote isiyoidhinishwa. Sandukuni kulikuwa na muhuri wa ubora. Kila kampuni iliruhusiwa kutoa gemu tano tu kwa mwaka, ili zile tano zifanyiwe kazi ipasavyo. Kampuni ya gemu ya Konami ilitaka kutoa zaidi, ikalazimika kuanzisha kampuni nyingine, Ultra Games, ili ipate fungu la pili. Wateja walirudi. Lakini funguo zote zilikuwa mkononi mwa muuzaji mmoja, na mtengenezaji mdogo asiye na fedha wala mtu wa kumfahamisha alibaki nje.

Mvutano huo wa mlango wazi na mlango uliofungwa ndio uliohamia mtandaoni, na Steam ndiyo mfano bora wa kuueleza. Duka hili la kampuni ya Valve lilianza Septemba 2003 na leo ndilo duka kubwa la gemu za kompyuta. Miaka ya mwanzo wafanyakazi wa Valve walichagua wenyewe kila kilichoingia. Maombi yalipowazidi, Agosti 2012 wakaanzisha utaratibu ulioitwa Greenlight, ambapo wachezaji walipiga kura kuamua gemu gani iuzwe. Kura zikaanza kununuliwa, nyingine zikapatikana kwa ahadi ya kugawiwa gemu bure. Juni 2017 kura zikafutwa, ukaja utaratibu wa Steam Direct unaotumika hadi sasa: mtengenezaji hulipa dola 100 kwa kila gemu, ambazo hurejeshewa pale mapato ya gemu yanapofika dola 1,000, na hupita ukaguzi wa siku chache. Mwaka 2024 peke yake ziliingia gemu zaidi ya 18,000. Hakuna kundi la wafanyakazi linaloweza kucheza gemu zaidi ya 49 kila siku ya mwaka, tena kwa makini.

Watu huniuliza: gemu mbovu ambayo haina mnunuzi inamletea faida gani aliyeitengeneza? Hapa panahitaji maelezo marefu kidogo, maana jibu lake linaonyesha jinsi duka linavyoweza kudanganywa bila wewe kuhusika kabisa.

Mwaka 2013 Steam ilianza kutoa kadi za kidijitali. Ukicheza gemu fulani unapata kadi, na kadi unaweza kumuuzia mchezaji mwingine kwa senti kadhaa. Valve hukata sehemu yake, mtengenezaji wa gemu naye hupata yake. Wajanja wakaona mwanya. Walinunua vipande vilivyokwisha tengenezwa, yaani nyumba, miti, wanajeshi na muziki vinavyouzwa kihalali ili kuwasaidia watengenezaji, wakavibandika pamoja bila kuongeza kitu, wakakiita gemu. Kisha wakagawa maelfu ya nakala za bure kwa akaunti zinazoendeshwa na programu badala ya watu. Akaunti hizo ziliiacha gemu ikijiendesha, zikakusanya kadi, zikaziuza. Senti kwa senti, mara maelfu ya akaunti, mara makumi ya gemu.

Madhara hayakuishia kwenye kadi. Programu inayopendekeza gemu kwenye ukurasa wa mbele wa duka hujifunza kutokana na kile watu wanachocheza, na sasa ilikuwa inajifunza kutoka kwa watu wasiokuwepo. Gemu takataka zikaonekana kama zina wachezaji. Valve yenyewe ilieleza tatizo hili hadharani Mei 2017 na kubadilisha kanuni, kwamba kadi zisitoke mpaka duka lijiridhishe kuwa gemu ina wanunuzi na wachezaji wa kweli. Septemba mwaka huohuo ikaondoa kwa mkupuo gemu 173 zilizohusishwa na mtengenezaji mmoja, Silicon Echo. Ninalipenda suluhisho la kadi kuliko lile la kufuta gemu, kwa sababu lilikausha chemchemi ya fedha yenyewe. Ukifuta gemu 173 na biashara ikabaki na faida, zitarudi kwa jina jingine.

Juni 2018 Valve ilitangaza msimamo wake: itaruhusu kila kitu kwenye duka, isipokuwa kilicho kinyume cha sheria au kilichotengenezwa kwa nia ya kuchokoza watu tu. Wengi waliuona kuwa ni kukwepa wajibu. Nami naona ulikwepa sehemu ya wajibu, hasa kwa muuzaji ambaye kwa kawaida huchukua asilimia 30 ya mauzo. Hata hivyo sitaki mlango ufungwe. Aurion, gemu iliyotengenezwa Yaoundé, Cameroon, na kampuni ya Kiro'o Games, ilifika kwenye Steam mwaka 2016, zama ambazo duka lilikuwa limekwisha fungua mlango wake. Among Us, kazi ya kampuni ndogo sana, iliingia Steam mwaka 2018 na kukaa karibu miaka miwili bila kutazamwa, mpaka mwaka 2020 dunia nzima ilipoanza kuicheza. Mchaguzi mkali angeiondoa rafuni kabla haijapata bahati yake. Kijana wa Mwanza au Kisumu anayejifunza kutengeneza gemu leo anauhitaji mlango ule, na dola 100 tayari ni kizingiti kirefu kwake.

Kuna jambo moja ambalo duka haliwezi kumwachia mnunuzi, nalo ni usalama. Februari 2025 gemu iitwayo PirateFi ilikaa kwenye Steam kwa siku kadhaa ikiwa imebeba programu ya kuiba taarifa za watumiaji. Valve iliiondoa na kuwaandikia walioiendesha, ikiwashauri wakague kompyuta zao na hata wafikirie kuzifuta kabisa na kuweka mfumo upya. Tangu Oktoba 2023 kampuni hiyo huwataka watengenezaji kuthibitisha kwa msimbo wa simu kabla ya kusasisha gemu iliyokwisha toka, baada ya akaunti za baadhi yao kutekwa na kutumiwa kupenyeza programu hasidi. Ni hatua nzuri, ila haimzuii anayekuja na nia mbaya kwa akaunti yake mwenyewe. Kwa hiyo gemu ngeni, ya bure, isiyo na maoni, inayotangazwa na mtu aliyekufuata kwenye Telegram au Discord, iache. Na kompyuta unayofanyia miamala ya benki usiitumie kujaribia gemu usizozijua.

Sasa upepetaji wenyewe. Kwenye ukurasa wa gemu wa Steam, usiishie kwenye neno la jumla linalosema maoni ni mazuri. Daraja la juu kabisa hutolewa kwa gemu yenye angalau maoni 500, asilimia 95 au zaidi yakiwa ya kusifu. Gemu yenye maoni 12, yote ya sifa, bado haijakuambia kitu. Kila maoni yameandikwa saa ambazo mtoa maoni ameicheza. Aliyecheza saa 60 akaikosoa ana mengi ya kukufundisha kuliko aliyecheza dakika sita akaimwagia sifa. Tangu Septemba 2016 maoni ya waliopata nakala nje ya duka hayahesabiwi kwenye alama ya jumla, kwa sababu baadhi ya watengenezaji walikuwa wakibadilishana nakala kwa sifa. Tazama pia grafu ya maoni kwa tarehe. Ukiona mlima wa lawama ndani ya siku mbili, soma ugomvi ulihusu nini, kwani wakati mwingine watu huishambulia gemu kwa jambo lisilohusu gemu.

Steam hurejesha fedha ukiomba ndani ya siku 14 tangu kununua, iwapo umecheza chini ya saa mbili. Huo ni ulinzi mkubwa, ninawahimiza watu wautumie bila aibu. Lakini kwetu una pengo: fedha hurudi, bando halirudi. Aliyepakua gemu ya GB 60 kwa intaneti ya simu anaweza kuwa ametumia fedha nyingi kwenye bando kuliko kwenye gemu yenyewe. Kwa hiyo angalia ukubwa wa gemu na mahitaji ya kompyuta kabla ya kulipa, kisha tafuta video ya mtu wa kawaida akiicheza. Video ya matangazo haitoshi. Kumbuka The Day Before: ilikuwa miongoni mwa gemu zilizotamaniwa zaidi kwenye orodha za Steam, ikatoka tarehe 7 Desemba 2023, na siku nne baadaye kampuni iliyoitengeneza ikatangaza kufunga. Wanunuzi walirejeshewa fedha. Wale wote walioiweka kwenye orodha ya matamanio hawakuwa wameicheza hata dakika moja.

Wengi wetu hata hivyo tunachezea simu, na duka letu ni Google Play. Huko tatizo la kawaida ni nakala za kuigiza. Februari 2014, Dong Nguyen wa Vietnam alipoiondoa gemu yake Flappy Bird madukani, nafasi ilijazwa na waigaji kwa wingi wa kutisha. Soma jina la mtengenezaji chini ya jina la gemu, ndipo ubonyeze. Tazama pia kama pameandikwa kuwa ina matangazo au ununuzi wa ndani ya programu, kisha ingia kwenye mipangilio uweke nywila kwa kila malipo, hasa kama namba yako ya simu au kadi imeunganishwa. Ukinunua kwa makosa, ombi la kurejeshewa hupelekwa Google ndani ya saa 48. Zikipita, utaelekezwa kwa mtengenezaji.

Wazazi pia huamini mno alama ya umri, 3+ au 12+. Alama hiyo hutokana na majibu ya dodoso analojaza mtengenezaji mwenyewe, kupitia IARC, mfumo wa kimataifa wa kupanga umri wa gemu na programu, ambao Google Play ilianza kuutumia mwaka 2015. Akidanganya, alama inaweza kubadilishwa baadaye. Zaidi ya hapo, dodoso huuliza kuhusu mapigano, matusi, ngono na kamari. Haliulizi kama gemu imetengenezwa vizuri, wala kama kila dakika mbili itamwonyesha mtoto tangazo asiloweza kulifunga. Hilo utalijua ukikaa naye robo saa ya kwanza, simu ikiwa katikati yenu, akikuonyesha inavyochezwa.